Msimkate tena mtu wa mwisho kwenye timu: barua ya wazi kwa wakuu wa DC Studios

Ndugu James Gunn na ndugu Peter Safran,
DC Studios, Burbank, California.

Nakala: wakuu wa Warner Bros. wenye kauli ya mwisho juu ya bajeti, urefu wa filamu na tarehe ya kutoka.

YAH: KILE WATAZAMAJI WALICHOSEMA KUHUSU JUSTICE LEAGUE

Salamu kutoka Dar es Salaam.

Mimi ni mtazamaji. Simo kwenye tasnia, sina kundi la mashabiki ninalolisemea, na sijatumwa na mtu. Nimekulia kwenye vibanda umiza vya Temeke, kwenye mabenchi ya mbao, muvi ya Kimarekani ikienda kwenye runinga na sauti ya Lufufu ikiisimulia kwa Kiswahili. Siku hizi nikiwa na nauli na kiingilio naenda jumba la sinema wikiendi ya kwanza, kwa sababu filamu ya mashujaa naipenda nikiiona katikati ya watu. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha tuliyobishania filamu yenu ya Justice League, ile iliyowakutanisha Superman, Batman na wenzao, tangu Novemba 2017, na ni mabishano hayo ninayotaka myasikie, pamoja na wasomaji wenzangu ambao walikuwemo.

Najua nyinyi wawili hamkuwapo. Mlikabidhiwa DC Studios Novemba 2022, na Justice League ilitoka miaka mitano kabla. Lakini studio ni ile ile na mashujaa ni wale wale. Mmeshatangaza kwamba Man of Tomorrow, filamu yenu inayofuata ya Superman, itatoka tarehe 9 Julai 2027, na nyuma yake mnajenga ulimwengu mzima ambao hauwezi kukwepa siku ya kuwakutanisha mashujaa wote kwenye filamu moja. Siku hiyo mtakaa kwenye chumba cha kuhariria, filamu itakuwa imefika saa tatu, na mtu mwenye cheo atauliza: huyu wa pembeni, asiye na jina kubwa, tunamhitaji kweli? Naandika ili jibu la watazamaji liwe limeshawafikia kabla swali hilo halijaulizwa.

Twende ukumbini kwanza.

Huku kwetu watu hawakai kimya mbele ya filamu. Wanamwonya steringi kwamba adui yuko nyuma ya mlango, wanamzomea msaliti, wanapiga makofi shujaa akitokea. Tabia hiyo tumetoka nayo kibandani, na kwa mtengenezaji wa filamu nadhani ni kipimo kizuri kuliko dodoso lolote, maana hakuna anayepiga kelele ili kumfurahisha mtu wa takwimu. Usiku wa Justice League ukumbi ulijaa. Picha ya kwanza kabisa ilikuwa ya Superman akirekodiwa na watoto kwa simu, na kabla hajamaliza kuongea minong'ono ilishaanza: mdomo wake umefanyaje? Hatukujua wakati ule kwamba Henry Cavill alikuwa amefuga masharubu kwa ajili ya filamu ya studio nyingine, na kwamba yamefutwa kwa kompyuta. Tuliona tu kwamba ule mdomo wa juu haukuwa wa mtu. Akaja Wonder Woman, ukumbi ukashangilia, kwa sababu filamu yake ya Juni mwaka ule ule ilikuwa haijatutoka. Flash akachekesha, watu wakacheka. Aquaman akapigiwa miluzi. Superman aliporudi kutoka kaburini, makofi.

Cyborg alipotokea, kimya.

Hakikuwa kimya cha chuki. Watu walitaka kumpenda. Kijana mweusi, nusu ya uso wake chuma, amesimama kwenye chumba chenye giza akijibizana na baba yake kwa hasira ambayo hatukuoneshwa ilikotoka. Baadaye yuko makaburini na Flash, wanafukua jeneza. Baadaye tena ameshikilia masanduku matatu ambayo dunia nzima inamtegemea yeye ayatenganishe. Kuelekea mwisho anatamka "Booyah" kama kwenye katuni, na hakuna aliyecheka. Tulikaa naye saa mbili kama mgeni aliyeketishwa sebuleni bila kutambulishwa. Nje, kwenye kituo cha bodaboda, swali lililorushwa kutoka kundi hadi kundi lilikuwa moja: yule wa chuma ni nani hasa? Vijana waliosoma vitabu vya katuni walijaribu kueleza, kwamba anaitwa Victor Stone, kwamba alikuwa mchezaji, kwamba alipata ajali. Nilisimama nikasikiliza, nikaona kwamba maelezo yao ya dakika tano pale barabarani yana uhai zaidi ya yote tuliyotoka kuyalipia.

Namna filamu ilivyofika pale inajulikana, na sehemu kubwa imesemwa hadharani na waliokuwepo. Machi 2016 ilitoka Batman v Superman. Ilifungua kwa zaidi ya dola milioni 160 Marekani na Kanada, kisha wikiendi ya pili mapato yakaporomoka kwa karibu asilimia 69. Watazamaji wa usiku wa kwanza waliohojiwa na CinemaScore, kampuni inayokusanya maoni ya watazamaji, waliipa B, na kwa filamu za aina hii hiyo ni alama ya kutia wasiwasi. Wakuu wa wakati ule waliyasoma matokeo wakaona kwamba watu wamekataa giza na urefu. Basi Justice League ikatakiwa iwe nyepesi, na kwa taarifa zilizochapishwa wakati ule, isivuke saa mbili. Mei 2017 Zack Snyder, mwongozaji wa filamu zote mbili, aliondoka baada ya kufiwa na binti yake, Autumn. Joss Whedon, ambaye alikuwa ameshaletwa kuandika matukio ya nyongeza, akashika usukani. Ilibaki miezi sita. Tarehe haikusogezwa.

Sina neno baya kuhusu mzazi aliyefiwa, wala sitamhukumu mtu aliyeitwa kumalizia kazi ya mwenzake kwa muda mfupi namna ile. Ninachokihoji ni uamuzi wa nini kikatwe na nini kiongezwe, maana huo haukutokana na msiba. Iliongezwa familia ya Kirusi iliyojifungia ndani ya nyumba karibu na mtambo wa nyuklia, ili mashujaa wapate wa kuwaokoa. Ukaongezwa mzaha wa Flash kuangukia kifua cha Wonder Woman, ambao wanawake waliokuwa ukumbini waliupokea kwa mguno. Akakatwa Iris West wa Kiersey Clemons. Akakatwa Ryan Choi. Akakatwa Elinore, mama yake Victor, aliyeigizwa na Karen Bryson, na pamoja naye ikaenda karibu historia yote ya mwanawe. Ukiwapanga hao mstari mmoja utaona walichofanana, kwamba hakuna mzungu kati yao, na watazamaji wa Dar es Salaam, Nairobi na Kinshasa hawakuhitaji kuoneshwa.

Tarehe 18 Machi 2021 toleo la Snyder, yaani filamu ile ile kwa namna aliyoikusudia yeye, lilitoka HBO Max, huduma ya kutazama filamu kwa mtandao. HBO Max haikuwepo huku kwetu. Wengi wetu tuliliona kwa flashi kutoka kwa vijana wanaouza muvi, na tungelipia kama pangekuwa na pa kulipia. Saa nne na dakika mbili. Tulikusanyika kwa jirani mwenye runinga kubwa, watu wazima na watoto, wengine wakiwa wamejiandaa kulala katikati.

Kuna kinasa sauti kwenye filamu ile. Silas Stone, baba yake Victor, amemwekea mwanawe maelezo ya mwili mpya aliompa na nguvu zilizomo. Victor anasikiliza, lakini sauti inapoanza kuwa ya baba badala ya mwanasayansi, anakiponda kwa mkono wa chuma. Tunajua kwa nini, kwa sababu tumeshaoneshwa: siku ya mechi mama yupo jukwaani anashangilia, kiti cha baba kitupu. Tumeshaoneshwa mama na mwana ndani ya gari baada ya mechi, na ajali. Na tunaoneshwa kijana huyu akigundua kwamba anaweza kuingia kwenye mifumo ya benki za dunia nzima, kwamba hakuna mlango wa fedha uliofungwa mbele yake. Anachofanya na uwezo huo ni kumfuatilia mama mmoja mhudumu wa mgahawa, mwenye watoto, akaunti imekauka, na kumwekea pesa. Kisha anakaa pembeni anamtazama akisimama mbele ya mashine ya benki asiamini macho yake.

Sebule ililipuka pale. Mama mwenye nyumba alikuwa akipita tu, kwenda jikoni na kurudi, hana habari na mashujaa wa Marekani. Aliuliza, "Huyu ni nani?" Swali lile lile la kituo cha bodaboda, ila safari hii kila mtoto aliyekuwemo alikuwa na jibu. Akaketi. Hakuinuka mpaka Silas alipojifungia maabara na moja ya yale masanduku matatu, akaliwashia leza ili lipate joto la kuweza kufuatiliwa, akateketea mbele ya macho ya mwanawe. Na mwishoni kabisa Victor amekiunganisha tena kile kinasa sauti, kipande kwa kipande, na anamsikiliza baba yake hadi tamati. Hapo hakuna kitu kinacholipuka, hakuna jengo linaloanguka, na ndipo watu walipotulia kuliko mahali popote.

Snyder amesema mara nyingi kwamba Cyborg ndiye moyo wa filamu hiyo. Sehemu kubwa ya tuliyoyaona usiku ule ilikuwa imeshapigwa kabla ya toleo la 2017 kutoka. Studio ilikuwa nayo kabatini, ikaikata, ikalipa fedha nyingine kupiga matukio ya kuziba pengo.

Kwa hiyo naomba tukubaliane kuhusu kile watazamaji walichokuwa wamekisema mwaka 2016. Hawakuwa wamelalamikia saa. Wonder Woman ina dakika 141, ilitoka miezi mitano kabla ya Justice League, kutoka studio hiyo hiyo, na CinemaScore ikaipa A. Ina vita, ina matope, ina kifo cha mpenzi, na watu walitoka wakifuta machozi na kurudi tena na dada zao. Avengers: Endgame ya Aprili 2019, ya wapinzani wenu Marvel, ina dakika 181. Ilipata A+ na kukusanya karibu dola bilioni 2.8. Mliona wenyewe video za kumbi za dunia nzima zikipiga kelele. Na huku ilikuwa hivyo hivyo. Milango ile ya mwanga ilipofunguka, wa kwanza kutoka walikuwa T'Challa, Okoye na Shuri wa filamu ya Black Panther, na kwa muda hatukuisikia sauti ya filamu kwa makelele. Watu walishangilia vile kwa sababu kila aliyetoka mlangoni walishafika kwao. Wanajua mji wake, wanajua mama yake, wanajua alichopoteza. Jeshi zima la kompyuta nyuma yake lisingeleta hata kofi moja.

Hilo ndilo nililolishika miaka yote hii. Filamu ya kuwakutanisha mashujaa haipimwi kwa Superman wala Batman. Hao tumekuja tukiwa tunawajua tayari, bango peke yake linatosha kutufanya tuwashangilie. Inapimwa kwa yule ambaye ukumbi haumjui. Akipewa nafasi, timu inakuwa timu, na kila ngumi ya mwisho ina uzito. Akikatwa, wanabaki watu maarufu waliosimama kwenye picha moja, na hata wale tuliowapenda tunawaona wamepungua. Ndiyo maana nadhani hata vichekesho vya 2017 havikukaa. Mtu hacheki na timu asiyoiamini.

Na hasara ilikuwepo kwa lugha ya fedha pia. Filamu iliyogharimu takriban dola milioni 300 ilikusanya kama milioni 660, pungufu ya Batman v Superman ambayo ndiyo iliyowatia hofu. Miezi mitatu baadaye, Februari 2018, Black Panther ikatoka. Huku Afrika Mashariki mnakumbuka, wasomaji wenzangu: Kisumu ilifanyiwa uzinduzi wake kwa ajili ya Lupita Nyong'o, watu wakavaa vitenge na shanga kwenda sinema. Ilivuka dola bilioni 1.3. Studio yenu ilikuwa na shujaa mweusi tayari, yupo kwenye filamu, ameshapigwa picha, na Oktoba 2014 ilikuwa imemtangazia filamu yake mwenyewe ya tarehe 3 Aprili 2020. Filamu hiyo haikutengenezwa kamwe. Ray Fisher, aliyemwigiza Cyborg, kijana aliyetoka jukwaani na kupewa nafasi hiyo kubwa ya kwanza, Julai 2020 alilalamika hadharani kuhusu alivyotendewa wakati wa upigaji wa nyongeza. Whedon alikanusha. Desemba 2020 WarnerMedia, kampuni iliyomiliki Warner Bros. wakati ule, ilisema uchunguzi umekamilika na hatua zimechukuliwa, bila kueleza ni zipi. Mpaka leo mtazamaji aliyemlipia kiingilio Cyborg hajaambiwa chochote cha maana kuhusu mtu aliyemwigiza.

Kuna jambo la vipimo pia, nalo linahitaji kuangaliwa upya. CinemaScore inahoji watu Marekani na Kanada. Maonyesho ya majaribio ya filamu kubwa kwa kawaida hufanyika huko huko, mengi California. Lakini katika zile milioni 660 za Justice League, milioni 229 tu ndizo zilizotoka Marekani na Kanada. Karibu theluthi mbili ya waliolipa hawakuwa na pa kusemea. Najua soko letu ni dogo ukilinganisha na China au Brazili, na sidai filamu ifuate matakwa ya Dar es Salaam. Ninachosema ni kwamba mnakosa taarifa. Kaeni na ukumbi wa watu wanaojibizana na filamu kwa sauti, wa Nairobi, wa Lagos, wa Mumbai, na ndani ya saa moja mtajua mhusika gani amekufa kabla ya kuzaliwa. Hakuna fomu ya kujaza itakayowaambia hivyo kwa uwazi ule.

Kuhusu kampeni ya kudai toleo la Snyder nitasema machache, kwa sababu najua wengi ofisini kwenu bado mnaisikia masikioni. Walikuwemo watu waliotukana wafanyakazi, waliowaandama wakosoaji na wakuu wa studio kwa matusi ambayo hakuna filamu inayoyastahili. Nawalaani. Taarifa iliyochapishwa na Rolling Stone Julai 2022 ilieleza kwamba uchunguzi wa ndani wa kampuni ulikuta akaunti bandia zipatazo asilimia 13 kwenye mjadala huo, zaidi ya kawaida. Naichukulia kwa uzito. Lakini hiyo ina maana kwamba kundi kubwa lilikuwa la watu, na watu hao walichanga zaidi ya dola nusu milioni kwa ajili ya shirika la kuzuia watu kujiua, kwa kumkumbuka Autumn Snyder. Mtu anayechangia namna hiyo ana kitu anachokidai chini ya kelele. Novemba 2019, miaka miwili kamili baada ya filamu kutoka, Ben Affleck na Gal Gadot wenyewe waliunga mkono hadharani. Nisingependa mhitimishe kwamba funzo la miaka ile ni kuogopa mashabiki wa mitandaoni, wala kwamba ni kuwatii. Wa mitandaoni wataendelea kugombana. Kile kimya cha ukumbini, alipotokea Cyborg, kilikuwepo kabla kampeni haijapata jina.

Ndugu Gunn, wewe hili unalijua kwa mikono yako. Mwaka 2014, kwenye Guardians of the Galaxy, ulichukua mti unaosema maneno matatu na mnyama mdogo mwenye hasira, watu ambao huku hakuna aliyewahi kuwasikia, na mti ule ulipojikunja kuwafunika wenzake ili yeye avunjike, watu wazima walilia. Mwaka 2021, ukiwa tayari na studio hii, kwenye The Suicide Squad ulimpa binti wa mtu wa panya nafasi ya kumkumbuka baba yake, na panya wale wale ndio waliookoa mji. Hukuwakata kwa sababu hawajulikani. Uliwaanzia hao.

Na Julai 2025, kwenye Superman yako, ukatuletea shujaa Mister Terrific. Nataka ujue kilichotokea huku. Edi Gathegi, aliyemwigiza, alizaliwa Nairobi, na habari hiyo ilikuwa imeshazunguka kabla filamu haijafika. Tulikuwa na hofu, na hofu ile ilikuwa na sababu: mwaka 2011 tulimwona kwenye X-Men: First Class kama Darwin, kijana ambaye kipaji chake chote ni kuzoea hatari yoyote ili aishi, na akawa wa kwanza kuuawa kwenye timu, filamu ikiwa haijafika mbali. Kibandani tuna msemo kwamba steringi hafi, na tulishajua kwa uzoefu ni nani hufa badala yake. Kwa hiyo alipotokea 2025 na koti lake na uso wa mtu asiye na muda wa kupoteza, ukumbi ulimpokea kwa tahadhari. Kisha likaja tukio la kambi ya watu wa Luthor, adui wa Superman. Amemfunika Lois Lane kwa kinga ya duara, amesimama wima, vitufe vyake vinazunguka vikiwaangusha walinzi mmoja baada ya mwingine, na yeye hata sauti hapandishi. Kijana aliyekaa mbele yangu aliinuka akapiga kelele, "Wa kwetu huyo!" Safu nzima ikamfuata. Superman hakuwepo kwenye tukio lile, na zilikuwa kelele kubwa kuliko zote za usiku ule.

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Ila tulipata naye dakika chache tu, na bado hatujafika kwao. Tunamjua kwa akili yake na kwa majibu yake makavu. Waliosoma katuni wanajua kwamba Michael Holt, ndiye Mister Terrific mwenyewe, ni mjane, kwamba mkewe Paula alikufa kwa ajali, na kwamba mtu mwenye akili kuliko karibu wote duniani alifika mahali hakuona sababu ya kuendelea kuishi. Hapo pana baba, mume, na mtu mwenye maumivu. Hapo ndipo ukumbi unapotaka kuingia.

Ninachowaomba, basi. Umesema hadharani, ndugu Gunn, kwamba filamu haitaanza kupigwa kabla skripti haijakamilika. Endelea hivyo, na skripti ya filamu ya kuwakutanisha isihesabiwe kuwa imekamilika mpaka yule asiyejulikana kuliko wote awe na kwao, awe na alichopoteza, na awe na tukio lake ambalo hakuna mwingine anayeweza kulifanya. Ndugu Safran, na wakuu wa Warner Bros. mnaosoma nakala hii: mambo yakiharibika, na kwenye filamu ya ukubwa ule huharibika, sogezeni tarehe. Watazamaji tunasubiri. Tulisubiri zaidi ya miaka mitatu kumjua Victor Stone. Onesheni filamu kwa watu walio nje ya Marekani mapema, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha, na mkae nao ukumbini muwasikie, kuliko kuletewa karatasi yenye wastani. Na filamu ikishakamilika, ifikisheni mahali tulipo kwa njia halali na kwa bei ya watu wa kawaida.

Kuhusu Ray Fisher, semeni kitu. Si lazima arudi kuigiza, na huenda mwenyewe hataki. Lakini kazi yake ndiyo iliyobeba toleo ambalo watu walilipigania, na studio inayomiliki kazi hiyo inaweza kulitamka hilo kwa jina lake.

Na siku Mister Terrific atakapokuwa kwenye timu kubwa, mtampiga picha akiwa nyumbani kwake, peke yake, mbele ya kitu kilichokuwa cha Paula. Filamu itakuwa imezidi dakika kumi na mtu atalinyooshea kidole tukio hilo. Kateni jengo moja linaloanguka.

Wenu,
Mtazamaji,
Temeke, Dar es Salaam.